Miche Iliyoonja Jua

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, Aoko alirudi nyumbani Kirumba na khanga mbili na mikono yake. Yeye na wifi yake Jasmin wakaanzisha kitalu cha nyanya kando ya ziwa.

Msimu wa kwanza waliidekeza miche chini ya paa zito la nyasi. Ikarefuka, laini, yenye kupendeza macho. Walipoihamishia shambani, jua la Mwanza halikuihurumia: kufikia jioni majani yalikuwa yamebabuka, meupe kama karatasi. Majirani wakapita wakicheka, "Nyanya hazishonwi kwa cherehani, mama!"

Aoko akaingia shambani. Alipokagua mabaki aliona michache imepona, yote iliyotoka pembeni mwa kitalu, pale mbuzi alipokuwa amekula nyasi za paa. Ilikuwa mifupi, minene, na mashina yake yana rangi ya zambarau.

Msimu uliofuata akawa anapunguza nyasi za paa kidogo kidogo. Zambarau ikatokea, safari hii kitalu kizima.

"Wifi, huu ni ugonjwa!" Jasmin alishika kichwa. "Tuing'oe!"

"Hung'oi hata mmoja. Ile iliyopona ilikuwa hivi hivi."

Wakamwita bwana shamba, Maige. Akageuza jani, akatabasamu. "Mama Aoko, umeizoesha vizuri. Mche ukionja jua polepole hujitengenezea kinga ndani ya jani, na rangi hii ni sehemu yake. Inapunguza makali ya miale. Ukiufunika muda wote, mche utaijenga kinga hiyo kwa ajili ya nini?"

Siku ya kuihamishia shambani, Aoko alisubiri jua lipungue. Wakapanda jioni, wakamwagilia. Kesho yake mchana majani yalilegea, na Jasmin akaziba uso kwa khanga.

"Yameisha, wifi."

"Hayajaisha. Subiri upepo wa ziwa."

Jioni upepo ukavuma, joto likapungua. Jani moja likainuka, likafuata jingine, hadi mistari yote ikasimama wima, bila doa jeupe hata moja. Jasmin akapiga vigelegele vilivyowatoa watu majumbani. Wale wale waliocheka wakaja mbio, wakainama kutazama.

"Mama Aoko, na sisi utatuuzia miche?"

"Nitawauzia," alisema Aoko, akijinyoosha mgongo katikati ya shamba lake, "na kuilea nitawafundisha."