Mbegu Zisizo na Chumvi

Jumatatu ile baba mkwe wangu alitoboa tundu la tatu katika mkanda wake wa suruali. Alilitoboa kwa ustadi, kwa kile kisindano alichozoea kusukumia pini za mikanda ya saa, na matundu yote matatu yalipishana kwa nafasi sawasawa kana kwamba yalitoka kiwandani. Nililiona alipoinama kuokota miwani yake, nami nikajifanya natazama dirishani.

Mawili ya kwanza wifi yangu alikuwa ameshayaona. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani, na macho yake hupima kiuno cha mtu kabla mtu mwenyewe hajaketi. Alikuwa amenipigia simu kuniarifu, kwa adabu zote, kwamba Jumamosi angekuja na sanduku kumchukua baba yake. Kazi yangu ni kupima maji katika maabara ya mamlaka ya maji, na hilo nalo hakuliacha lipite.

"Wifi," alisema, "maji ya mji mzima unayapima wewe. Chungu chako anakipima nani?"

Alicheka, kama mawifi wanavyochekana, lakini kicheko kilikatika mapema. Mume wangu alikuwa mbali kikazi, na ushauri wake wa simu ulikuwa nimsikilize dada, ila nimsikilize na mzee pia.

Mzee mwenyewe hakuwa na la kusikilizwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akila vijiko vinne, wakati mwingine vitano, kisha anaisogeza sahani taratibu na kusema kwamba kimemtosha, na kwamba mkono wangu ni mzuri. Maneno hayo hayakubadilika hata siku moja. Yaligongwa kila mlo kama mhuri, na kadiri yalivyorudiwa ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba wifi alisema kweli: mzee alikuwa akinikondea mikononi kwa sababu ya upishi wangu, na heshima ndiyo iliyomfunga mdomo.

Nilijua pia Jumamosi ingemgharimu nini. Katika chumba cha nyuma alimolala, chini ya dirisha, kulikuwa na meza yake ya kazi: taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuzia, droo ya skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Alistaafu zamani, lakini watu wa mtaani waliendelea kumletea saa zao, nao walimwita Mzee Sekunde. Kwa wifi kulikuwa na upendo mwingi na chumba kimoja kilichojaa vyerehani na majora ya vitambaa. Meza ile isingepata pa kukaa. Mzee hakuilalamikia. Jumanne asubuhi nilimkuta akizifunga bisibisi zake ndani ya kitambaa, moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo ndogo.

Mbegu za boga lilikuwa wazo la muuguzi wa kliniki yake. Presha ya mzee ilipanda, hivyo chumvi iwe kidogo mno. Na kwa kuwa sahani zilimshinda, nimtafutie kitu cha kutafuna katikati ya milo, chenye lishe kuliko biskuti. Jioni hiyo ya Jumanne nilinunua boga, nikalipasua, nikazikomba mbegu, nikazisuuza harakaharaka na kuzitia kwenye kikaango zikiwa bado zinachuruzika maji. Zilitoka na rangi ya kupendeza. Mzee alitia moja mdomoni, akaiuma, akatulia.

"Hizi hazijakauka, mwanangu," alisema. "Zimenyamaza."

Nadhani sijawahi kufurahia lawama kama nilivyoifurahia ile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mzee kusema juu ya chakula changu jambo ambalo hakulisema jana yake.

Jumatano nilinunua boga jingine na kuanza upya, safari hii kama ninavyofanya kazi ya maabara. Nilizisugua mbegu katika maji ya uvuguvugu mpaka nyuzinyuzi zote zikabanduka, nikazichemsha dakika kumi ili maganda yalainike, nikazimwaga kwenye chujio. Nilizitandaza juu ya kitambaa cha pamba, si karatasi, kwa maana karatasi huzing'ang'ania, nikaziacha usiku kucha na mchana uliofuata. Alhamisi nilipotoka kazini zilikuwa nyepesi na zinateleza vidoleni. Nilizipaka mafuta kijiko kimoja, pilipili manga, tangawizi ya unga na kitunguu saumu cha unga, vyote kwa mizani. Chumvi niliipima peke yake, robo ya kijiko cha chai, nikaisawazisha kwa kisu ndani ya kibakuli kidogo.

Mzee alikuja akaketi kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Aliniambia nipunguze moto na nisiziangalie rangi, kwani rangi hudanganya. Nikitikise kikaango na kusikiliza. Mbegu yenye maji huburuzika, alieleza, na iliyokauka hugonga. Akafumba macho kama anavyoyafumba mbele ya saa anapotaka kujua ugonjwa wake kabla ya kuifungua.

Nilitikisa. Akasema bado. Nikatikisa tena, akasema bado kidogo. Mara ya tano au ya sita mlio ulibadilika hata mimi nikausikia, mwembamba na mkavu, naye akainua kidole. Niliepua.

Alikula kiganja kizima. Kisha, bila kukaribishwa, akarudisha mkono sahanini. Nilisimama na kitambaa cha kufutia vyombo mikononi, nikihofia kwamba nikitikisika ataacha.

"Chumvi umeipatia leo," alisema. "Haikuzidi wala haikupungua."

Alipoondoka nilianza kuosha vyombo. Niliposogeza birika nilikiona kibakuli nyuma yake. Chumvi ilikuwa mle ndani, robo kijiko kamili, imesawazishwa kwa kisu, haijaguswa.

Nilionja mbegu moja. Ilikuwa na pilipili na tangawizi, na ukavu mzuri uliovunjika kati ya meno, lakini chumvi haikuwamo.

Usiku ule nilijaribu kuamini kwamba alinisifu kwa wema tu, kama alivyonisifu kila siku. Lakini wema hausemi haikuzidi wala haikupungua. Na ugonjwa wa kazi yangu ni kwamba siwezi kuliacha jambo kwenye dhana ikiwa naweza kulipima. Ijumaa asubuhi nilimpelekea chai isiyo na sukari, yeye ambaye kwa desturi hutiwa vijiko viwili. Alipiga funda, akakiweka kikombe mezani, akanitazama kitambo.

"Tamu," alisema.

Nilikwenda kazini nikiwa na jibu langu, na aibu ya mtu aliyemtegea mzee mtego.

Jumamosi wifi alifika mapema, sanduku tupu mkono huu na chupa ya supu mkono ule. Kila Jumamosi alileta supu, na kila Jumamosi baba yake aliisifu. Niliwapelekea mbegu chumbani kwa mzee. Sikuwa nimeongeza chumvi. Kuongeza kungekuwa kama kuyasahihisha maneno ya mzee nyuma ya mgongo wake. Wifi alitafuna mbili, akanigeukia.

"Wifi yangu, chumvi hata ya dawa hamna. Halafu tunauliza Baba anakondeshwa na nini."

Sentensi moja ingetosha kunisafisha. Nilikuwa nayo tayari, tena yenye ushahidi. Nikamtazama mzee, nikaona vidole vyake vimetulia juu ya goti kwa namna vinavyotulia vikiwa vimeshika kitu chepesi kuvunjika. Kama alilificha miezi yote hiyo, halikuwa langu kulitoa. Nikasema tu kwamba ni kweli, nilisahau.

Wifi akavuta pumzi na kulifungua sanduku.

"Mimi sijui kama zina chumvi," mzee alisema.

Alisema polepole.

"Sionji kitu. Tangu ile homa ya mwanzo wa mwaka. Wala harufu siisikii. Mwenzio hana kosa. Angenipikia makaa ningemshukuru vilevile."

Wifi alikaa kitandani, karibu na sanduku. Aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu supu yake. Si kila wiki alimwambia imekolea?

"Nilimsifu aliyeileta," alijibu mzee.

Kisha akatueleza, akitazama meza yake na si sisi. Marehemu mkewe, mama yao wifi na mume wangu, alianza hivyohivyo: chai ikawa maji mdomoni mwake, mkate ukawa pamba, na miezi mitatu baadaye wakamzika. Kwa hiyo lilipomfika yeye aliamua kutolitamka. Aliogopa kwamba siku atakayolisema, ndiyo siku tutakayoanza kumtazama kama mtu anayeaga.

Nilimwambia ninachokijua, bila kuahidi nisichokijua: kwamba homa yenyewe huweza kuziondoa ladha na harufu, kwamba kwa baadhi ya watu hurudi, na kwamba daktari hawezi kupima jambo ambalo hajaambiwa. Alikubali twende kliniki Jumatatu. Wifi akamuuliza mbona basi mbegu anazila mpaka zinaisha.

"Hizo nazisikia," alisema. "Zikivunjika, zinavunjikia humu." Akagusa chini ya sikio lake. Kisha akanigeukia. "Na chai ya jana haikuwa na sukari."

Uso ulinichoma. Nilimwomba radhi, nikamuuliza alijuaje.

"Sikusikia kijiko."

Ilinichukua muda kuelewa. Alijua tangu kikombe kilipofika mkononi mwake kwamba hakuna aliyekoroga sukari ndani yake, na kwa kujua hivyo akaniambia ni tamu. Alikuwa ameniambia siri yake kwa njia pekee aliyoiweza.

Wifi hakuniomba msamaha kwa maneno, nami sikuyangoja. Alinyanyuka, akafungua kabati la baba yake, akatoa suruali zake zote nne, akazikunja na kuzipanga sandukuni.

"Nitazibana kiuno," alisema. "Ila kitambaa sikikati. Nitakikunja kwa ndani, nishone mshono wa kufumuka, ili siku tukitaka kuziachia ziachike." Akamtazama mkandani. "Na hicho kisindano, Baba, kiache kwa saa."

"Fundi amekutana na fundi," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wifi aingie nikayaona meno yake.

Sanduku lilifungwa, likasimamishwa mlangoni, lina suruali tu. Zile bisibisi zilibaki juu ya meza ndani ya kitambaa chake. Mzee alipita akalifungua fundo bila kusimama.

Kulikuwa na mbegu nyingine kitambaani, za boga la tatu, nilizozitandaza asubuhi ya Ijumaa. Wifi alisema anataka kujifunza. Nikampa kikaango, mzee akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni na kufumba macho. Mwanawe alitikisa kwa wasiwasi, mbegu zikaburuzika kwa mlio mzito. Alimwangalia baba yake, si mbegu.

"Bado," mzee alisema.

Akatikisa tena.

"Bado kidogo."