Mkate wa Pumba

Mshonaji alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la gauni jeupe la bibi harusi, alipoona kitu cha manjano kwenye lesi. Akadhani ni uzi. Kikatembea.

Alikibana kwa kucha. Kikapasuka, ute ukampaka kidole.

"Kuna nini, dada?" bibi harusi aliuliza.

"Uzi tu, mdogo wangu. Simama wima."

Mteja alipoondoka, mshonaji alianza kusaka. Alihamisha marobota ya vitambaa, akafagia chini ya cherehani, akawafuata wadudu wawili watatu mpaka mlango wa stoo. Mumewe, mwokaji mikate, alikuwa amemwambia anahifadhi humo pumba.

Pumba ilikuwepo kweli, kwenye trei za kuokea, nayo ilikuwa ikichemka bila moto. Mabuu yalipandana juu ya mikate iliyokauka na maganda ya karoti, yakichakarisha kama mvua nyepesi juu ya karatasi. Pembeni palikuwa na chupa ya mabuu makavu, na kinu cha kahawa kilichogandamana na unga wa kahawia. Rangi ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye mkate aliokuwa akiletewa nyumbani kila asubuhi.

Alikimbilia chooni, akatapika kabla hajaufikia mlango.

Mwokaji aliporudi alimkuta ameketi kizingitini.

"Umenilisha nini, mume wangu?"

Mwokaji aliutazama mlango wa stoo ulioachwa wazi. "Mabuu ya mbawakawa. Yanakula pumba na mikate inayobaki. Zamani tulikuwa tunaitupa mtaroni, mtaa mzima unanuka. Sasa hatutupi hata kipande."

"Sikuuliza habari za mtaro."

"Daktari alisema damu yako imepungua. Nyama huli, maharage yanakuvimbisha tumbo, vidonge umevitupa. Ulikuwa unaanguka kwenye cherehani. Siku hizi huanguki."

"Ukanificha kwa kuwa ulijua ningekataa."

"Ndiyo."

Jibu hilo lilimkera kuliko wadudu wenyewe. Akakumbuka alivyousifia mkate ule kwa dada yake, kwamba una ladha ya karanga.

Siku hiyohiyo trei zilihamia nyuma ya tanuri la mumewe. Mshonaji alisugua ulimi kwa chumvi mpaka ukachubuka. Akawa anapika sufuria yake mwenyewe, ananunua mkate duka jingine, na mumewe akimsogelea anageuza shavu. Dada yake alipopewa habari alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nyama ulikuwa unakula, mwenzetu." Mshonaji hakucheka.

Kizunguzungu kilirudi taratibu. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Kisha, mchana mmoja, alimwangukia mteja kifuani akiwa anampima mabega, akaamkia sakafuni amezungukwa na watu wanaompepea.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye tanuri la mumewe, akasimama mlangoni.

"Nikatie kipande. Chembamba. Na usinitazame nikila."

Mwokaji akakata, akampa mgongo. Mshonaji alibana pua, akatafuna. Kila chembe aliihisi ina miguu. Akakisukuma kipande kwa maji, akashika ukingo wa meza mpaka kichefuchefu kikatulia, jasho likimtiririka.

"Kesho tena?" mumewe aliuliza, bado amegeukia ukuta.

"Kesho tena. Lakini usije ukaniambia ni kitamu."