Magugu Yaliyoachwa Shambani

Esperansia alishuka kwenye basi la Biharamulo na kuku mmoja kwapani na swali moja mdomoni. Alipoingia nyumbani, hata maji hajanywa, akamgeukia Suzan, mke wa mwanawe.

"Kiko wapi?"

"Shikamoo mama. Kipi?"

"Marahaba. Hicho walichokutoa kichwani. Nimetoka Nemba kuja kukiona."

Suzan alishika ukuta ndipo akakaa. Tangu arudi kutoka Afrika Kusini alikotibiwa, sakafu ya nyumba yake hapa Ngara ilikuwa haitulii. Yeye, mtunza ghala la chakula katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, mwanamke wa kuwafokea wapakuzi wavivu, sasa alitembea akipapasa. Sikio la kulia lilianza kuziba mwaka jana. Kambini wakasema anaringa, haitikii salamu. Picha iliyopigwa Nairobi ndiyo iliyosema kweli: uvimbe kwenye mshipa wa usikivu. Si saratani, lakini unakua, na ukiachwa utasukuma ubongo. Bima ya shirika ikagharamia matibabu.

"Hawakukitoa, mama. Wamekipiga mionzi."

"Kwa hiyo bado kimo?"

"Kimo."

Kuku akamponyoka Esperansia, akakimbilia chini ya kabati.

Suzan akaeleza kama alivyoelezwa. Walimfunga fremu ya chuma kichwani asitikisike, kisha miale ikaja kutoka pande nyingi. Mmoja mmoja ni dhaifu, haudhuru kitu njiani. Inapokutana mahali pamoja, ndipo inapounguza.

"Kama sisi kwenye ujima, mama. Jembe la mtu mmoja si kitu. Kijiji kizima kikiingia shamba moja, jua halijapanda limekwisha."

"Na magugu mmeyaacha shambani?"

"Yameungua mizizi. Hayaoti tena."

"Umeyaona yamekauka?"

Picha ya kuhakiki ilikuwa bado miezi sita. Kule Nemba, mganga asiyeonyesha alichotoa hajatibu. Jino, mwiba, hata mdudu: kiwekwe juu ya jani, watu wakione.

Jumamosi kizunguzungu kikazidi, akatapika hadi nyongo. Mumewe, Rwekaza, alimshika mabega.

"Si daktari alisema uvimbe unaweza kufura kwanza, ndipo usinyae?"

"Alisema."

"Basi meza dawa alizokupa."

Mama yake alikuwa mlangoni, akiyaona yote. Kesho yake Esperansia akatoka bila kuaga. Alirudi kutoka Lusahunga na Faustini, mganga wa madereva wa malori, mwenye mkoba wa wembe na pembe za kuumikia, za kunyonya damu.

Mkeka ukatandikwa uani. Esperansia akachuma jani la mgomba, akaliweka tayari. Suzan akakaa, tena kwa hiari yake. Alichoka kulala na kitu ambacho hajui kama kimekufa au kinapumzika. Alitaka kukiona juu ya lile jani, akitemee mate.

Faustini alipapasa nyuma ya sikio, akafuta wembe.

"Ukikitoa, nitasikia tena?" Suzan aliuliza.

"Dada, utasikia hata sisimizi akikohoa!"

Esperansia akacheka kwa furaha. Suzan hakucheka. Swali hilohilo alimuuliza daktari, akajibiwa: hapana, sikio hilo usilitarajie, ninachotafuta ni uvimbe usikue. Alilia siku ile, akamchukia yule mtu njia nzima ya kurudi. Sasa wembe ukiwa karibu na shavu lake, aliona jambo. Mwenye kudanganya angempa alichokitaka, na daktari hakumpa.

Akainuka. Uwanja ukalala upande, akajishikiza kwenye bega la mganga.

"Kunja mkoba wako, kaka. Chai utakunywa, lakini hukati mtu hapa."

Esperansia alitazama jani tupu. "Utakaa nacho?"

"Nitakaa nacho."

"Mpaka lini?"

"Mpaka picha. Ikisema kimekua, nitajua la kufanya."

"Basi na mimi sirudi Nemba mpaka niione. Hayo magugu nitayakagua mwenyewe."

Miezi sita! Suzan akafumba macho. Alipoyafumbua, mama mkwe alikuwa amesogeza kigoda upande wake wa kulia, midomo inakwenda, mikono inakwenda, na hakuna kilichofika.

"Mama, hamia huku. Upande huo hakuna mtu nyumbani."

Esperansia akahama akilalamika, na sasa kila neno lilisikika. Suzan akaitikia. Kidole chake kilikuwa nyuma ya sikio, kinabonyeza, kinasikilizia.