Kijitu cha Chuma Kando ya Biblia

Wengine wote waliangalia mikono. Nyanchera aliona mkia.

Nyangau, kijana aliyekuwa akimposa, alikuja kutoka Nakuru kwa likizo ya Krismasi na kijisanduku chenye utepe mwekundu. Ndani mlikuwa na kijitu cha chuma kilichovaa kanzu. Ukikibonyeza kichwa, mikono yake miwili ilipanda juu kama ya mtu anayeomba. Na chini ya kanzu, mahali ambapo hakuna aliyetazama, ulichomoza waya mnene uliojisokota kama mkia wa nguruwe.

"Haleluya!" Tata, yaani baba yake Nyanchera, Mzee Ombati, alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato pale Gesima, na katika posa hii lilimkwaza jambo moja tu: nyumbani kwa kina Nyangau, kule Suneka, walikuwa Wakatoliki, na yeye aliamini Wakatoliki hawaachani na pombe. "Kumbe kijana unamcha Mungu!"

"Nilikiona dukani, nikasema hiki ni cha Mzee," Nyangau alijibu kwa furaha. Nyanchera alimtazama usoni, akaona kwamba kweli hajui.

Yeye alijua. Alikuwa yaya kwa meneja wa shamba la chai, na huko wazungu walipeana vichekesho kama hivyo kila Krismasi: kizibo chenye kichwa cha mlevi, sweta ya kuvisha chupa, na kijitu kama hiki. Vyote vya divai. Lakini angesemaje? Tata alimruhusu kazi ile kwa ahadi kwamba hatasogelea pombe ya wazungu. Tena msichana anayeposwa hafungui mdomo juu ya zawadi ya mchumba. Anaweka chai mezani na kuondoka. Basi akaweka chai.

Jioni alikificha kijitu nyuma ya redio. Asubuhi Tata alikitoa, akakisimamisha kando ya Biblia, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Jumapili akaja mshenga, Mama Eucabeth, ili wapange siku ya kuleta ng'ombe. Walikuwa wameanza tu kuzungumza Otiende alipopita kusalimu. Huyu alikuwa mtu wa kule ziwani, mnunuzi wa ndizi, aliyewahi kuhudumu katika hoteli moja Kisumu.

"Mzee Ombati! Umeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Divai! Hiki si kizibuo? Unazungusha kichwa, mkia unaingia kwenye kizibo, unashusha mikono, pwa! Chupa iko wazi." Otiende alijipiga paja. "Na umekiweka na Biblia!"

Hakuna aliyecheka. Tata alikichukua kijitu, akakipindua, akautazama mkia.

"Nilimwonyesha hata pasta," akasema. "Pasta alinyamaza. Nilidhani ameguswa."

"Mzee, nisamehe, nilikuwa natania tu."

"Hujakosa wewe. Kijana ndiye amenifanya mchezo."

"Hakujua, Ombati," Mama Eucabeth alisema. "Angejulia wapi?"

"Mkatoliki asijue divai?" Tata alikifunga kijitu kwa gazeti, akamsukumia mshenga. "Mrudishie. Mwambie ng'ombe wake wabaki Suneka."

Otiende alitoka akiinamisha kichwa. Mama Eucabeth alijifunga leso yake polepole, akimtazama Nyanchera aliyekuwa amesimama mlangoni, kama mtu anayesubiri kupewa neno la kubeba. Nyanchera aliangalia sakafu. Alipoinua macho, mama yule alikuwa ameshapita migomba, anashuka barabarani, na kumwita kwa sauti kubwa hakuweza.

"Na wewe umesimamia nini?" Tata alisema bila kugeuka. "Ondoa vikombe."

Nyanchera alichukua kikombe kimoja. Akakirudisha mezani.

"Tata," akasema, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mimi namtaka."