Maua Mabichi Ukutani

Celestina aliitumia siku ya kwanza ya likizo yake Mwanza kumtafuta Pramila, rafiki aliyesoma naye sekondari wakapotezana baada ya hapo. Aliulizia madukani Nyamagana hadi akaonyeshwa ghorofa anakoishi. Binti wa Pramila alimfungulia, akamwamkia shikamoo, akamkaribisha sebuleni na kwenda kumwita mama yake.

Ukutani zilining'inia picha za wazee wa familia waliokwisha kufariki, kila moja imevishwa shada la maua. Celestina alizitazama kwa heshima, moja baada ya nyingine. Ya mwisho aliisogelea. Ilikuwa picha yake mwenyewe, akiwa na sare ya shule, nayo imevishwa maua mabichi.

Pramila alitokea, akamwona, akaganda mlangoni.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, Celestina."

"Celestina alikufa. Tuliambiwa na mtu wa kwao, Bukoba."

"Aliyefariki ni binamu yangu, Pramila. Sote wawili tulipewa jina la bibi yetu."

Pramila alisogea polepole, akamgusa shavu, kisha akakaa sakafuni akilia. "Kila asubuhi nimekuwa nikikuombea," alisema.

Jioni alimtembeza kando ya ziwa, akamwonyesha Jiwe la Bismarck na hoteli mpya zilizojengwa mlimani. Kila mara alikatiza maneno, akamminya mkono kuhakikisha yupo. Celestina alimwacha amminye, naye akamminya vivyo hivyo.