Wasichana Wasiokunja Viwiko

Namalwa alikuwa akikatakata sukuma wiki jikoni mwa bosi wake, mtaa wa Milimani mjini Nakuru, wakati mabinti watatu wa mfalme walipotoka kwenye TV. Akeyo, mtoto wa nyumba hiyo, alikuwa ameirudia katuni yao ya nyimbo tangu asubuhi, huku wanasesere wao, walionunuliwa pamoja na sidii yake, wakiwa wamepangwa kochini. Mabinti walishuka mmoja mmoja, magauni yakikwamakwama kwenye kioo, wakaja jikoni wakiegemea kuta, wakiimba utamu wa kufanya kazi pamoja.

"Karibuni," Namalwa akasema. "Mwiko ndio huo."

Hakuna aliyeushika. Walikuwa na maumbile ya wanasesere: viwiko havikunjiki, vidole vimegandana, nyayo zimepinda kufuata viatu virefu, hata kusimama ni mpaka waegemezwe. Namalwa akawaegemeza kando ya friji, akaendelea na mboga. Aliwahi kuona mashemeji wa bosi wasio na faida kuliko hao.

Kesho yake alikuwa anasafiri. Mwanawe, Masinde, alikuwa akilelewa na nyanyake huko Webuye, na hawakuwa wameonana tangu Krismasi ya 2005. Mama Akeyo alikuwa ameapa kwamba Krismasi hii Namalwa angeenda, liwe liwalo. Masinde alikuwa ameshawatangazia watoto wote wa jirani kwamba mama anakuja. Namalwa alifurahi hata usingizi ukamruka.

Mama Akeyo aliporudi kutoka kazini aliwasalimia wageni kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

"Wanakula nini?"

"Uji, lakini mpaka walishwe."

"Wasichana wa adabu, hawa," Mama Akeyo akasema, akaagiza walazwe kwenye godoro la Namalwa.

Asubuhi Namalwa akasimama sebuleni na begi lake. "Mama Akeyo, si ulisema leo naenda?"

Papo hapo mabinti wakaanza wimbo wa kurudi nyumbani, wa mama anayeonekana kwa mbali na mtoto anayekimbia kumpokea. Ulikuwa wimbo mtamu ajabu. Namalwa alilia. Mama Akeyo alilia kumshinda, akapenga kamasi kwa kitambaa cha kochi.

"Huo wimbo umenigusa, haki," akasema. "Mama ni mama. Sasa ukienda, hawa watalishwa na nani?"

"Si wewe uko, Mama?"

"Mimi niko na saluni. Utaenda Easter, my dear. Kwani Masinde anahama?"

Namalwa akaweka begi chini. Moyo ulimuuma, lakini uji ulikuwa unachemka. Simu ikalia, alikuwa Masinde, kwa simu ya jirani.

"Mama, umefika wapi?"

"Bado niko Nakuru. Tumepata wageni."

"Wageni gani?"

"Wasichana wa kwenye TV. Wanataka kulishwa."

Masinde akafikiri kidogo. "Kwani wao hawana mama?"

Namalwa akachota uji. Binti wa kwanza alikuwa ameshafungua mdomo, naye akampulizia kijiko kipoe.