Kiuno Inchi Thelathini

Siku fundi cherehani alipofariki, suruali yake mwenyewe ilikuwa bado chini ya sindano. Alikuwa akiipunguza kiuno kwa mara ya tatu.

Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifua, aliiona alipoingia chumba cha kushonea kutafuta viti vya wageni. Akaichomoa haraka, akaisokomeza nyuma ya majora ya vitambaa, kama mtu anayeficha mali ya wizi.

Mwaka na nusu Kifua alikuwa akija pale kila Jumamosi asubuhi kupimwa. Alitaka misuli ijae na tumbo lisionekane: kuku wa kuchemsha, mayai bila kiini, vyuma siku tano kwa wiki. Baba alimzungushia futi na kutangaza kwa sauti.

"Kifua arobaini na tatu! Kiuno thelathini na moja! Mwanangu, utakuja kuwa nyigu: juu jitu, katikati uzi."

Jumamosi moja Kifua akamnyang'anya futi. "Leo zamu yako, mzee." Kiuno cha baba kilikuwa thelathini na sita. Mwezi uliofuata, thelathini na tatu. Kisha thelathini.

"Mzee, umenipita!" Kifua akapiga makofi. "Mafuta yote kwisha, mpaka mishipa inaonekana. Siri yako nini?"

"Siri gani? Chakula kinanigomea tu. Tonge la tatu likifika hapa, halishuki."

"Usililazimishe. Hivyo hivyo! Umekauka vizuri."

Sasa sebule ilikuwa imejaa waombolezaji, na baba mdogo, mtu asiyemumunya maneno, akamgeukia Kifua.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye kila wiki. Hukumwona kaka anakwisha?"

"Sikuona," Kifua akasema.

Mama alikuwa akimimina chai. Mkono wake ukasita juu ya kikombe, kisha ukaendelea.

Wageni walipopungua, alimfuata mwanawe chumba cha kushonea. Alimkuta ameketi kwenye kigoda cha baba, mabega yake yameziba dirisha.

"Nilimwambia twende hospitali," mama alisema. "Si mara moja. Akanijibu, 'Mama watoto, huyu kijana anajua mambo ya mwili kuliko mimi na wewe. Kasema nimekauka vizuri.' Siku ile alifurahi! Alijigeuza mbele ya kioo kama bwana harusi."

Kifua, aliyekuwa akiinua kilo mia na arobaini kutoka sakafuni, alishindwa kuinua uso.

"Mama, niliona."

"Najua uliona. Sikutaka kukuumbua mbele za watu. Lakini baba yako mdogo na marehemu ni tumbo moja. Usimwache na uongo."

Kifua akaivuta suruali kutoka nyuma ya majora, akatoka nayo nje alikokuwa ameketi baba mdogo. Akamweleza yote: futi, makofi, hata maneno yenyewe. Baba mdogo aliipapasa ile mishono mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na wa mwisho haujafungwa uzi.

"Kumbe ulimvika kaka kilemba cha ukoka," alisema, "akaenda nacho kaburini."

Huu ni mwezi wa nne, na baba mdogo hajamsemesha tena. Futi inaning'inia kwenye msumari wake. Kifua hajui kiuno chake sasa ni inchi ngapi.